Kilichopita Kwenye Kitambaa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, wewe na wifi, pamoja na Kibonge wetu. Sisi huku tunapumua. Huyo shemeji yako aliyekukabidhi bahasha kikohozi chake kimepona, isipokuwa pale anapoombwa kuosha vyombo. Shuleni ni yale yale: chaki, kelele, na mkuu wa shule anayedhani maabara inajiendesha kwa maombi. Mwambie wifi lile gauni alilonishonea limenikaa vizuri mpaka walimu wenzangu wameninunia.

Salamu zimetosha. Kaka, kabla hujashuka mstari wa chini nakuomba jambo moja, nakuomba kwa jinsi tulivyokua tukigombania shuka moja. Ile chupa ya dawa ya Kibonge, yenye uzi mwekundu shingoni, usiimwage wala usiivunje. Kama leo hajanywa kijiko chake, mpe sasa hivi, kipimo kile kile cha kila siku, halafu ndipo urudi kusoma. Ukifika mbele utatamani kuirusha ukutani. Usithubutu! Kilichomo humo kinamdhuru mwanao, lakini kukikatisha ghafla kunaweza kumuua. Hayo si maneno yangu, ni ya daktari wa watoto, na amenirudishia mara mbili kama mtu anayeongea na kiziwi. Shemeji yako hapo ameagizwa asiondoke mpaka mmeingia garini wote watatu, na chupa mkononi. Mnakwenda hospitali.

Sasa umekasirika, najua. Unamwangalia shemeji yako kama yeye ndiye mwizi. Mwache, hajui mengi, na nimemkataza kujibu maswali.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Jana nilipokuuliza habari za mvua na mabati yako, ukacheka ukasema leo Kiherehere kaishiwa na maneno, nilikuwa nimepiga nikuambie haya. Nikamsikia Kibonge nyuma yako anaimba, nikaaga. Tena wewe kwenye simu hujibu kabla hujaulizwa. Karatasi angalau huwezi kuikatiza, labda uichane, na ukiichana utakuwa hujui lililobaki.

Mambo yalianzia darasani. Tulikuwa kwenye mada ya kutenganisha mchanganyiko, ile uliyoisoma ukaichukia ukasema ni mapishi ya watu wasio na njaa. Nawafundisha kwamba vitu vikichanganyika havipotezi tabia zake, na ukiijua tabia ya kila kimoja utapata njia ya kukitoa. Chuma kwenye mchanga kinafuata sumaku. Mchanga kwenye maji unabaki kwenye karatasi ya kuchujia. Chumvi kwenye maji haibaki kwenye karatasi hata uichuje mpaka kiama. Hiyo inataka moto, maji yaende zake na mvuke, chumvi ibaki sufuriani. Wanafunzi wangu wanakariri haya kama kasuku, ndipo nikawaambia waje na vitu vya nyumbani tuvitenganishe kwa mikono yetu. Wakaleta maji ya majivu, maziwa yaliyoganda, mwingine wino wa kalamu, na mtundu mmoja akaleta soda akasema mchanganyiko wake atautenganisha tumboni.

Na mimi nikataka kujitapa. Nikasema nitawaletea dawa ya kifua ya Mama. Kwani dawa ile si ndiyo iliyotulea? Mtaa mzima si unapanga foleni mlangoni kwake kila baridi likianza? Nikapita kwake, mwenyewe katoka, nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma kama panya wa nyumba. Nikachukua chupa moja kwenye kreti la wateja. Nyingine nikaitoa kwenye rafu ya juu, imefungwa uzi mwekundu, nikadhani ndiyo iliyoiva zaidi. Kumbe ndiyo ya Kibonge, aliyomtengea kwa mwezi unaokuja.

Nikagawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichuja ile ya kwenye kreti, maji ya kahawia yakatoka safi na kwenye karatasi yakabaki makapi ya majani, kijani iliyofifia, kama tulivyotarajia. Kundi la pili likaniita. Kwenye karatasi yao, chini ya makapi, kulikuwa na tope jeupe, laini, kama chokaa iliyolowa. Yule mtundu akasema mama yake mwalimu anaongeza unga ili dawa ijae chupa. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kaka, lakini kile kicheko cha meno tu.

Nikawaambia tupime. Tukadondosha iodini juu ya lile tope, likageuka buluu ya kuelekea weusi papo hapo. Ni wanga. Wanafunzi wakapiga makofi, na mimi nikawa najiambia kumbe kweli Mama ameanza kutia unga, umri huo, macho hayaoni vizuri, pengine alikosea kopo. Nikainama nione karibu. Katikati ya lile tope palikuwa na chembe ndogo ambayo haikuwa tope. Upande mmoja imekatika wima, na juu yake kuna nusu ya mfereji. Unaujua ule mfereji unaopita katikati ya kidonge ili ukivunje vipande viwili? Ndio huo.

Wanga ndio unaoshikilia vidonge visivunjike. Nafundisha hivyo kila mwaka, lakini pale nilisimama mbele ya watoto wa watu na mdomo wazi, mpaka mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikawaambia wasafishe meza.

Nikamwendea rafiki yangu niliyesoma naye chuo, yule mwenye miwani minene uliyemwita Bundi kwenye harusi yangu. Siku hizi anafanya kazi kwenye maabara ya kupima ubora wa dawa. Sikumwambia chupa ni za nani. Akachukua kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe, akatia tone la chupa ya kwanza kwenye ukingo wa chini, la chupa ya pili pembeni yake, halafu matone ya dawa anazozijua yeye. Akakisimamisha kwenye gilasi yenye kimiminika kidogo. Kimiminika kinapanda taratibu, kinabeba vitu vilivyomo, na kila kitu kinachoka mahali pake: chepesi kubebwa hufika juu, king'ang'anizi hubaki chini. Ndiyo hiyo wanayoiita kromatografia. Darasani tunaifanya kwa wino na karatasi, rangi zinaachana, watoto wanafurahi. Safari hii sikufurahi. Alipokimulika kwa taa yake, chupa zote mbili zilikuwa na madoa yanayolingana, majani yale yale, ila ya uzi mwekundu ilikuwa na doa moja la ziada. Lilikuwa sawasawa na doa la mojawapo ya dawa zake, kwa kimo kile kile. Akarudia na kibao kingine. Likarudi pale pale.

Akaniambia hiyo ni steroidi, vile vidonge vidogo vyeupe wanavyopewa wenye pumu wakibanwa sana, kwa siku chache tu. Halafu akauliza nani anakunywa hii. Nikasema ni mtoto wa kaka yangu, kila siku kijiko, mwaka sasa unakatika. Bundi akavua miwani. Akaniuliza kama mtoto huyo ana uso wa duara na mashavu yaliyojaa.

Kaka, Kibonge! Sisi tumempa jina! Tumembinya mashavu, tumempiga picha, tumewaambia majirani waone mtoto wetu alivyonona kwa dawa ya bibi yake. Wifi alipolalamika kwamba gauni la mtoto la mwaka jana urefu bado linamtosha ila kiunoni halifungi, mimi huyu huyu mwenye digrii nilimjibu ashukuru, wengine wanatafuta unene hawaupati. Mtoto harefuki na anavimba, sisi tunashangilia. Jamani!

Daktari wa watoto nilimfuata bila miadi, nikakaa mlangoni pake mpaka akanichoka. Alinieleza kwamba dawa ile yenyewe si sumu, imeokoa wengi, lakini ikinywewa muda mrefu hujaza uso, hudhoofisha mifupa, huzuia mtoto kukua, na homa zikija huzifunika usizione. Halafu akaniambia lililo baya zaidi. Mwili una steroidi yake ya asili, unajitengenezea wenyewe, na ukiletewa ya nje kila siku unaacha kazi. Ukiikata ile ya nje kwa pupa, mwili unabaki mikono mitupu, na homa ndogo tu inaweza kumwangusha mtoto asiamke. Hupunguzwa kidogo kidogo, wakimwangalia wao. Ndiyo maana nimekuomba vile mwanzoni. Nakujua wewe, ungesoma neno vidonge tu, chupa ingekuwa imeshafika uani.

Nikaenda kwa Mama. Njiani nilikuwa nimeshamhukumu muuza majani, yule mzee wa baiskeli anayemletea magunia. Nilishapanga na matusi ya kumtukana, tena ya nguoni. Maana akilini mwangu Mama alikuwa ametapeliwa. Nilimkuta jikoni anakunja kile kitambaa chake cha kuchujia, kile cheupe kilichogeuka rangi ya chai, kimechakaa katikati mpaka ukikiinua unaona dirisha upande wa pili. Nikamwambia, kwa upole niliojilazimisha, kwamba kuna mtu ametia vidonge kwenye dawa ya Kibonge.

Hakushtuka. Aliendelea kukunja, pembe kwa pembe, halafu akasema anajua, kwa sababu anavitia yeye.

Sijui niliketi saa ngapi, nilijikuta tu niko juu ya debe la mafuta. Mama yetu, kaka! Mama asiyekubali hata maji ya mteja yachotwe kwa kikombe kilichopasuka. Nikamuuliza kama anajua anasema nini. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto asiyeelewa, akaniambia nisibabaike, kwa sababu ubaya wa vidonge hakumnywesha mjukuu wake hata siku moja. Akanieleza anavyofanya. Anavisaga kwenye kinu kidogo, anaviloweka kwenye dawa ikiwa vuguvugu, halafu anachuja kwa kitambaa, mara ya kwanza na ya pili. Vidonge vyenyewe vinabaki kwenye kitambaa, vyeupe, anaviona kwa macho yake, anakwenda kuvisuuza nje mbali na kuku. Kinachopita ni nguvu tu. Alisema hivyo kwa kujivunia kabisa, kama fundi anayemwonyesha mwanagenzi siri ya kazi.

Unamjua Mama. Maisha yake yote imani yake ni moja, kwamba kilichochujwa ni safi. Na ule weupe aliokuwa akiuona kwenye kitambaa, ambao mwingine ulipenya pale kilipochakaa ukaishia kwenye chupa, ulikuwa wanga na chaki tu, vitu ambavyo hata mtoto angevila visimdhuru. Dawa yenyewe ilikuwa imeshayeyuka kitambo na kupita zake. Ningemweleza kwa maneno ya darasani angeniambia nikamsomee mume wangu. Kwa hiyo sikueleza. Nilichukua maji kwenye bakuli, nikatia chumvi mkono mzima, nikakoroga mpaka ikapotea. Nikamwomba achuje mwenyewe, kwa kitambaa chake, kwa mikono yake. Akachuja mara ya kwanza, akachuja ya pili. Nikamwonyesha kitambaa, hakina kitu. Nikamwambia aonje maji.

Akaonja. Akaonja tena. Halafu akaweka bakuli chini, akajifunika uso kwa kile kitambaa kibichi, na sauti iliyotoka humo ndani sijawahi kuisikia tangu tuzaliwe, hata siku ya msiba wa Baba. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfokea, nikashindwa yote mawili.

Alipotulia nilimuuliza lile ambalo wewe pia unaliuliza sasa. Kwa nini? Na hapa, kaka, ndipo nilipochana karatasi kadhaa, kwa sababu sijapata njia laini ya kulisema.

Unakumbuka mlipokwenda kumzika baba yake wifi mkamwachia Mama mtoto. Siku zile Kibonge alibanwa. Mama alimpa dawa yake, kijiko, akamwongeza kingine, akamfukiza, akampaka kifua. Mtoto akazidi, mbavu zinazama, midomo imekuwa ya kijivu. Mama anasema alimwangalia mjukuu wake, akaiangalia chupa yake, na akajua. Akamfunga mgongoni akakimbia naye hospitali bila viatu. Wakamwekea barakoa ya hewa, wakampa vile vidonge, na kabla jua halijazama mtoto anaomba chakula. Wakamruhusu na vidonge vya siku chache na karatasi ya kurudi kliniki.

Halafu wewe ukarudi. Wewe uliyeapa mbele yetu sote kwamba mwanao hatameza kidonge maadamu mama yako yu hai. Wewe uliyemwaga dawa ya maji ya kliniki kwenye karo huku wifi analia. Ulisikia mtoto aliugua, ukamwona mzima, ukambeba juu kwa juu ukawaambia majirani waliojaa barazani waje waone, dawa ya mama yangu imeishinda hospitali. Mama alikuwa amesimama mlangoni na vile vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Anasema alifungua mdomo. Akaona jinsi ulivyokuwa unamwangalia, akaufunga.

Akavimalizia vile vidonge kwa siri kwenye chupa, asiuvunje uso wako. Vilipokwisha mtoto akakohoa tena, akanunua vingine duka la dawa. Kila akijaribu kuacha, kifua kinarudi, na wewe unapiga simu kuuliza kama chupa nyingine iko tayari. Karatasi ya kliniki aliitia motoni. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Mama yetu alificha maradhi ya mtoto kwa mwenye mtoto.

Nilimwambia maneno makali, sitakudanganya. Akayapokea yote. Halafu akaniambia, nami nakuandikia kama alivyotamka, kwamba dawa yake aliacha kuiamini siku ile ile njiani kwenda hospitali, na tangu hapo aliyebaki kuiamini ni wewe peke yako, naye hakuwa na ubavu wa kukupokonya.

Sikuandikii ili nikubebeshe mzigo. Ama, nisiwe mnafiki, kidogo nakubebesha. Mama amekosa, tena kosa kubwa. Lakini alikosa akikuogopa, na mtoto wako alipona siku ile kwa kitu ambacho wewe ulikuwa umekikataza. Meza hilo polepole.

Yamebaki machache. Daktari anawasubiri, jina la mtoto analo. Atataka kujua mtoto amekuwa akinywa kiasi gani, vidonge vingapi kwenye chupa, tangu lini, mara ngapi iliongezwa. Mimi siyajui hayo, Bundi hayajui, na kibao chake hakiwezi kuyasema. Kuna mtu mmoja tu anayeyajua, na bila yeye daktari atakuwa anakisia kwa mwili wa mwanao.

Yumo garini hapo nje, kaka, kiti cha nyuma. Alikataa kuja mlangoni. Amesema atashuka ukimwita, na usipomwita atakaa humo humo mpaka hospitali, atamweleza daktari kila kitu, kisha atarudi kwa miguu. Shemeji yako nilimkataza kukuambia mpaka ufike mstari huu, maana ungemtoa kwenye gari kabla ya kujua kwamba unamhitaji.

Tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Mtoto wako akimwona atamkimbilia kama kawaida yake, na Mama atakuangalia wewe kwanza kabla ya kumpokea. Wewe utafanya nini wakati huo, mimi siwezi kukuandikia.

Nisalimie wifi, mwambie hana kosa hata chembe, na amvalishe mtoto sweta. Nipigie mkishafika, hata kama ni kunitukana. Niko shuleni na simu mkononi, na nitaipokea hata mbele ya mkuu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hofu na mapenzi,

Kiherehere